Bunduki Juu ya Ngata

Mtoto wa mdogo wangu wa kiume amepata kazi kwenye kampuni moja ya uwindaji, huko porini upande wa Namtumbo, na tangu aipate hana mazungumzo mengine. Juzi nilikwenda Mshangano kumwona mama, nikamkuta kijana amekaa kibarazani na simu yake. Hata viatu sijavua, ananiita.

"Shikamoo shangazi. Njoo unisaidie kuchagua."

Nikadhani ni mambo ya mchumba. Kumbe ni viegemeo vya bunduki, vile vitu vinavyowekwa mezani ili sehemu ya mbele ya bunduki ilale juu yake mtu anapopima shabaha. Kimoja cha chuma, kina miguu mitatu na skrubu za kupandisha na kushusha. Kingine mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, umebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Kingine cha plastiki, na hicho hata mimi nisiyeshika bunduki nisingekipokea bure. Kijana alitaka kujua kipi ni bora. Nikamwambia azime simu. Akacheka, akidhani namtania, kisha akanitazama usoni akaizima. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage, na mlango ulikuwa wazi.

Kijana hana kosa. Baba yake alikuwa bado anabebwa mgongoni mambo haya yalipotokea, na nyumbani kwetu hayasimuliwi. Lakini wewe ni mtu wangu wa siku nyingi. Wewe nitakusimulia, ila usitegemee nisimulie kwa upole.

Mshangano hii ya leo, nyumba za bati zimebanana na bodaboda zinapita hadi uani, siyo niliyokulia mimi. Sisi tulikuwa wa mwisho kabisa. Baada ya shamba letu kulikuwa na kijito, na baada ya kijito msitu wa miyombo unaoendelea mpaka macho yanachoka. Msimu wa masuku, yale matunda ya porini, tulivuka na vikapu, tukala mpaka midomo inanata. Mahindi yakianza kukomaa mama alituchomea kwenye mafiga, na harufu ile ya maganda yakiungua ikinipata leo njiani, hata niwe na haraka gani, nasimama. Asubuhi tulichota maji kabla ya shule, jioni tulilinda nyani. Nisikudanganye, tulikuwa na furaha. Tulikuwa na furaha, na nguruwe walikuwa wanatumaliza.

Nguruwe pori hali shamba kama nyani. Nyani anachuma hindi lake anaondoka. Nguruwe anaangusha, anatafuna nusu, anakanyaga yaliyobaki, na kesho yake analeta ukoo mzima. Wakitoka msituni shamba la kwanza walilolikuta lilikuwa letu. Tulipiga madebe, tulikoka moto, tuliimba mpaka sauti zikakauka. Msimu mmoja tulivuna kidogo sana, na baba akasema tukiwa tunakula kwamba wakirudi tena mwakani, yeye ataondoka kutafuta kibarua kwenye tumbaku. Mama aliacha kula. Wanaume waliokwenda kwenye tumbaku alikuwa anawajua, na aliwajua pia wake zao.

Sasa jirani. Shamba lake lilikuwa upande wa juu wa letu, kwa hiyo nguruwe walimfikia wakiwa wameshashiba kwetu. Alikuwa na gobori la babu yake, limekufa siku nyingi, limetundikwa ukutani, na kwa sababu ya lile chuma bovu alijiita mwindaji. Akija nyumbani anakaa kwenye kigoda cha baba bila kukaribishwa, anakunywa togwa yetu, na kutueleza jinsi babu yake alivyoangusha nyati. Nyati huyo alikua kila mwaka. Simpendi mtu yule. Nilianza kutompenda nikiwa mtoto, kabla hajatufanyia lolote, na alipotufanyia nikaona kumbe nilikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata kijiji kilipata bunduki moja ya halali ya kulindia mashamba. Risasi zilikuwa chache, kwa hiyo wazee wakaamua haitakabidhiwa mtu mpaka aonyeshe kwamba anaweza kulenga. Waliojitokeza walikuwa wawili tu, baba na jirani. Mwenyekiti akatangaza kwamba mwalimu atatoa meza ya shule, kila mmoja atakaa, ataegemeza bunduki kwenye kitu alichokuja nacho mwenyewe, na atapiga risasi tatu. Atakayeshinda ndiye mlinzi, na mlinzi ndiye atakayepanga alinde wapi kwanza. Maneno hayo ya mwisho baba aliyarudia njia nzima tukirudi nyumbani. Angeanzia kwetu, kando ya msitu, na asingelazimika kwenda popote.

Baba alikuwa amepitia mgambo, na huko walimfundisha kwamba mikono ya mtu hutetemeka hata awe jasiri namna gani. Kinachotuliza bunduki ni kile inacholalia. Kwa hiyo alihangaikia kiegemeo kuliko kitu kingine chochote. Bunduki ya mazoezi hakuwa nayo, akachukua mchi wa mama. Aliulaza mezani, akaweka sarafu karibu na ncha, akavuta pumzi na kukunja kidole kana kwamba anafyatua. Sarafu ikianguka, kiegemeo kimeshindwa.

Alianza na jiwe. Mchi ukateleza. Akaleta kipande cha gogo, kikawa afadhali, lakini alisema mti mgumu ukilalia mti mgumu bunduki huruka risasi inapotoka, na risasi inakwenda juu. Akajaza kiroba mchanga wa kijitoni. Siku ya kwanza kilikaa vizuri sana, mpaka mchanga ulipokauka ukaanza kuvuja kwenye nyuzi, na kiroba kikazidi kupungua huku meza imejaa mchanga. Akakijaza pumba. Mchi ulizama polepole kama mtu anayesinzia, na alipokwenda kunywa maji kuku wakapanda mezani wakakitoboa. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba naye akacheka, ana pumba mpaka kwenye nyusi. Kile kicheko chao nakikumbuka vizuri, maana baadaye hawakucheka tena pamoja namna ile.

Ni mama aliyemaliza kazi. Alitoka kijitoni, akatua ndoo, akaitupa ngata yake pale mezani akiwa anaendelea kucheka. Unaijua ngata, lile duara la nguo kuukuu mwanamke analoweka kichwani chini ya ndoo. Ya mama ilikuwa ya vipande vya kitenge vilivyozungushiwa kamba za migomba, imelowa na kukauka miaka na miaka mpaka imeshikana, laini juu na ngumu chini. Baba akalaza mchi juu yake. Mchi ukatulia. Akakunja kidole, akakunja tena, sarafu haikutikisika.

"Chukua," mama akasema. "Ila uirudishe mapema. Maji ya jioni nitayabebea nini?"

Siku yenyewe watu walijaa uwanja wa shule. Waliuza pombe ya ulanzi pembeni, na mihogo ya kuchoma. Mwalimu alitundika ungo mbovu kwenye mti, umechorwa duara la mkaa. Jirani alianza. Alikuja na panda la mti lililopigiliwa kwenye ubao, limepakwa mafuta linang'aa, akalionyesha kwa kila mtu. Akaweka mtutu wenyewe, chuma chenyewe, juu ya lile panda. Risasi ya kwanza iligusa ukingo wa ungo, ya pili ikapita juu, ya tatu sijui ilikwenda kuua nini huko mlimani Matogoro.

Baba akakaa. Akatoa ngata chini ya shati, akaiweka, akaipigapiga katikati kwa ngumi. Siku zote alikuwa akisema bunduki ilazwe kwa mti wake, siyo kwa chuma chake, na kila risasi ilazwe palepale. Ndivyo alivyofanya. Akapiga, akapumua, akapiga, akapumua, akapiga. Mwalimu akauleta ungo ameuinua juu. Matundu yote matatu yalikuwa ndani ya mkaa, ungeweza kuyafunika kwa kiganja kimoja. Mama akapiga kigelegele kifupi. Mimi nilikuwa naruka.

Jirani akaanza kucheka.

"Jamani, mmeona bunduki imelala wapi? Kwenye ngata! Hiyo kesho itatupikia ugali!"

Watu wakaangua kicheko, hata mwenyekiti, hata baba mwenyewe kidogo. Angeishia hapo ungekuwa utani, na kwetu utani hauchukiwi. Lakini alikunja uso, akageukia wazee. Alisema yeye amezaliwa kwenye nyumba ya wawindaji, na huko inajulikana kwamba silaha ikishaguswa na kitu cha mwanamke imekufa. Haiwafukuzi nguruwe, inawaita. Kama wazee wanataka kijiji kizima kilale njaa, basi wampe mwenzake huyo. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali, na mwingine. Mwalimu akasema, "Lakini matundu si haya hapa?" Sijawahi kuona ungo umepuuzwa namna ile.

Ndipo mama akasema, kutoka upande wa wanawake, "Shemeji, maji uliyokunywa kwetu jana yalibebwa na ngata hiyohiyo. Mbona hujafa?"

Wanawake wakacheka kwa nguvu. Jirani alimtazama baba, akasema taratibu, kwa masikitiko ya kujifanya, "Mwenzangu, mke wako anajibu mbele ya wazee, na wewe umekaa tu."

Baba alikuwa bado kwenye kiti, mkono wake uko juu ya meza. Nilimsubiri aseme. Nilijua atasema kitu kitakachomkalisha yule mtu chini maisha yake yote. Akageuka, akamwambia mama, "Hebu nyamaza."

Mama akanyamaza. Mwenyekiti akasema bunduki itaoshwa kwa dawa, kisha atapewa jirani. Jioni ile mama alibeba maji kwa ngata ileile, kwa sababu maji yalihitajika.

Unaweza kukisia mengine. Mlinzi mpya alilinda kwake kwanza. Tulipomwita alikuja asubuhi, jua limeshapanda, akatazama nyayo kwenye shamba letu na kusema hawa nguruwe wakubwa kweli. Msimu wote aliua mmoja, kwa bahati, na nyama yake hatukuletewa hata utumbo. Mahindi yakaisha. Baba akafunga mzigo wake akaenda Namtumbo, kwenye tumbaku, kama alivyosema.

Alirudi msimu ulipoisha, ananuka moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, amekonda, ana kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Tulimkimbilia. Alitusalimia vizuri, akala, akanawa. Kisha akamwambia mama kwamba kuanzia siku hiyo ngata isiingie ndani ya nyumba, ikae kwenye banda la kuku. Huko alikokuwa alipata muda mwingi wa kufikiri, na alichofikiri ndicho hicho. Mama akasimama, akaichukua ngata pembeni ya mtungi, akatoka nayo. Tangu hapo kila kilichoharibika nyumbani kwetu, mbuzi akifa, mtoto akiugua, baba alitazama upande wa banda la kuku.

Kwa hiyo usiniambie kwamba yule jirani alikuwa mtu wa masihara tu. Wapo wanaoniambia hivyo. Mahindi hupandwa tena. Lakini yeye alitia neno baya baina ya watu wawili waliokuwa wakichekeana, akaenda zake kunywa ulanzi.

Siku hizi msitu haupo, umekuwa mkaa na viwanja. Kijito kimebaki mtaro, na watoto wanatupa humo chupa za plastiki. Masuku nayaona sokoni Mfaranyaki, yamepangwa mafungu kwenye meza, na sijui yanatoka wapi. Nguruwe hakuna. Bunduki ilirudishwa serikalini, na uwanja tuliosimama siku ile umejengwa madarasa. Jirani mwenyewe amekufa. Msibani kwake nilisonga ugali kama majirani wengine, jasho likanitoka mpaka watu wakadhani nalia. Sikulia. Nilidhani chuki yangu itazikwa naye nipumzike.

Haikuzikwa. Baba aliugua muda mrefu baada ya hapo, akawa haamki kitandani, na mama ndiye aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji wa ulezi kwa kijiko. Siku moja nilikuwa nimekaa miguuni pa baba, mama anamlisha. Baba alitazama bati, akasema kwa sauti iliyo safi kabisa, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa wiki nyingi, "Ile bunduki ningepewa mimi. Kama si ngata ya mama yako."

Nilitaka kumkumbusha yale matundu, nilitaka kumpigia kelele mgonjwa, na siku ile kwa mara ya kwanza nilimchukia baba yangu mwenyewe. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama, kijiko kingine kiko mdomoni mwa baba, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Meza kwanza," akamwambia.