Mama Mbavu na nyama asiyoweza kuinusa

Saa moja kasoro robo asubuhi, mlango wa chuma wa bucha umeinuliwa nusu tu. Ndani, wanakondoo wawili waliochunwa wananing'inia kwenye ndoano, bado wana mihuri ya mkaguzi mapajani. Mama mwenye aproni nyeupe amesimama hatua mbili nyuma yao, mikono ameifumbata kifuani, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Anayemsubiri ni wifi yake. Mwanamke huyo mwembamba anamwinamia mwanakondoo wa kwanza, anaisogeza pua kwenye paja, pale nyama inapokutana na mfupa, kisha anavuta pumzi ndefu. Anahamia begani. Anahamia kwenye figo, kisha kwa mwanakondoo wa pili.

"Vipi?" anauliza mama.

"Subiri basi, wifi, sijamaliza."

"Lakini vipi?"

"Wananuka kondoo. Yaani kama sweta lililonyeshewa. Hawajaharibika hawa."

Mama anashusha pumzi. Lakini bado hajaridhika. Anabonyeza nyama kwa kidole, anatazama kama inarudi, anashika mafuta, anakagua tarehe aliyoandika kwenye karatasi ukutani. Ndipo anapoinua mlango wote.

Mtaa mzima unamwita Mama Mbavu, kwa kuwa hakuna anayekata mbavu za mwanakondoo kama yeye: nyembamba, sawasawa, bila kipande cha mfupa kitakachomvunja mtu jino. Ameifanya kazi hii kwa miaka ishirini na miwili. Miezi mitano iliyopita mafua makali yalimlaza siku nne, na yalipoondoka yaliondoka na uwezo wake wa kunusa.

"Mwanzoni nilidhani nimeziba tu," anasema. "Nikajifukiza, nikachemsha tangawizi. Wapi! Siku moja nikaunguza maharage nikiwa nimesimama palepale jikoni. Mume wangu ndiye aliyeona moshi."

Hakumwambia mumewe ukweli. Hakumwambia mtu yeyote. Mumewe alipolalamika kwamba mchuzi wa siku hizi una chumvi ya kuulia konokono, alicheka na kusema uzee umeingia.

Kwa muuza nyama ya kondoo, siri hiyo haikuwa ndogo. Alijifunza kazi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa muuza nyama. "Baba alikuwa akisema, muhuri wa mkaguzi unakwambia nyama ilikuwaje jana. Ya leo, iulize pua."

Mwanakondoo ni kondoo ambaye hajatimiza mwaka. Nyama yake ni laini, rangi yake haijakolea, na mafuta yake ni meupe. Akishakuwa kondoo mzima, nyama hukolea wekundu na harufu yake huwa nzito. Harufu hiyo hukaa kwenye mafuta, na ndiyo inayowagawa watu: wapo wasiotaka hata kupita mlangoni, na wapo wasiotaka nyama nyingine.

"Mbuzi anapendwa na wengi, ng'ombe anapendwa na mfuko," anasema Mama Mbavu. "Kondoo anapendwa na wanaomjua."

Mtaalamu wa lishe wa zahanati ya jirani ni mmoja wao. "Ina protini, ina madini ya chuma na zinki, na vitamini B12 inayosaidia mwili kutengeneza damu," anaeleza. "Mafuta yake ndiyo ya kuangalia, hasa kwa wenye matatizo ya moyo. Lakini mtu akija kwangu hana damu, mara nyingi namwelekeza kwa Mama Mbavu."

Maelekezo hayo ndiyo yaliyomleta mlinzi wa shule, asubuhi ya Jumatatu moja, wiki ya saba tangu pua ilipozimika.

Jumapili iliyotangulia umeme ulikatika kuanzia adhuhuri, ukarudi kabla ya alfajiri. Mama Mbavu hakujua. Alipofungua bucha, jokofu lilikuwa linanguruma, mlango wake baridi, na paja, mikono na mbavu alizobakiza Jumamosi vilionekana safi.

Aliuza mafungu matatu. La kwanza lilichukuliwa na mpishi wa mgahawa. La pili, nusu kilo ya mbavu, likaenda na mwalimu mstaafu anayeishi nyuma ya bucha. La tatu lilikuwa la mlinzi. Mkewe alikuwa amejifungua siku nne nyuma na kupoteza damu nyingi.

"Alisimama hapo akaniambia, 'Mama, nipe iliyo nzuri kabisa, ya kumrudishia mwenzangu rangi.' Nikamchagulia mwenyewe. Kwa mikono yangu hii."

Zaidi ya saa moja baadaye akaja mteja wa nne, muuza mboga wa ng'ambo ya barabara. Aliingia, akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Mbavu, hiyo nyama vipi?"

"Vipi kivipi?"

"Husikii?"

Mama Mbavu alilipindua paja, akaingiza kidole kandokando ya mfupa. Kilitoka na utelezi.

Hakuchukua hata mkoba. Aliteremsha mlango, akampigia mpishi, akikosea namba mara mbili. Mpishi alikuwa amekwisha kuifungua. "Nimeiweka nje, nilikuwa naja kukutukana," alimwambia. "Nikadhani umegombana na mumeo, hasira umezimalizia kwangu."

Kwa mwalimu alikuta mbavu zimezama kwenye kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Harufu ya viungo ilikuwa imefunika kila kitu. Mzee aling'ang'ania bakuli lake, akisema nyama ni njema na yeye si mtoto.

"Mwalimu, nakuomba. Nipe."

"Kwani ina nini?"

"Imeoza, baba. Nimekuuzia nyama iliyooza."

Mzee aliliachia bakuli.

Nyumba ya mlinzi hakuijua. Alikimbia hadi lango la shule, akielekezwa na sare tu aliyokuwa amemwona nayo. Mwenzake pale langoni alimtajia mtaa na rangi ya mlango. Alifika akiwa na kandambili moja. Nyingine ilikatikia njiani.

Mama aliyejifungua alikuwa ameketi kitandani, mtoto ubavuni, bakuli la supu mkononi.

"Usinywe!" Mama Mbavu alipiga kelele kutoka mlangoni. Mtoto akashtuka, akalia.

"Nimeshakunywa vijiko vitatu," mwanamke alijibu. "Wewe nani?"

Hapo ndipo Mama Mbavu alipoyatamka kwa mara ya kwanza maneno aliyoyaficha wiki saba. "Ni mimi niliyeuza. Sinusi. Tangu nilipougua mafua sinusi kitu chochote, na sikumwambia mtu."

Mlinzi, aliyekuwa jikoni, alikuja akalichukua bakuli mkononi mwa mkewe, akaimwaga supu nje. Hakumtukana, na Mama Mbavu anasema afadhali angemtukana. Walikwenda zahanati wote. Muuguzi alisema kilichoingia ni kidogo na kimechemka, lakini mgonjwa ni dhaifu, kwa hiyo anywe maji ya kutosha na aangaliwe kwa karibu. Jioni ile mgonjwa alitapika mara mbili. Mama Mbavu alipigiwa simu, akarudi mbio na mumewe, ambaye sasa alikuwa amejua yote.

"Sijawahi kuogopa vile, hata nilipojifungua wangu," anasema. "Nilikuwa namtazama yule mtoto, najiambia, nikimwondolea mama yake nitakwenda wapi?"

Siku ya tatu tumbo la mama yule lilitulia. Mtoto hakudhurika.

Mama Mbavu aliifunga bucha wiki mbili. Alipofungua, alikuwa amebandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake: "Mwenye bucha hanusi. Nyama inanuswa na wifi yake kabla ya kuuzwa." Mumewe alimwambia anajifukuzia wateja. Hakukosea. Zamani aliuza wanakondoo wanne kwa siku, wa kilo kumi na mbili au kumi na tatu kila mmoja. Sasa wawili wakiisha, anashukuru.

Wifi hali kondoo. Hajawahi. Amekuwa akiikwepa harufu yake tangu kaka yake aoe kwenye ukoo wa wauza nyama. "Ndiyo maana nafaa," anasema huku akinawa mikono. "Mpenzi husamehe. Mimi sisamehi hata kidogo."

Hata hivyo hofu haijaondoka. Mama Mbavu huamka akiwaza jokofu. Amenunua kipimajoto, anakisoma kila saa na kuandika. Wifi akikohoa tu, hujiuliza: naye akipata mafua, nani atanusa? Wapo wateja wanaonusa nyama mbele yake kabla ya kulipa, na yeye huwasogezea.

Daktari wa pua na masikio amemwambia wengine hurudiwa na uwezo huo, wengine hawarudiwi. Amempa zoezi: asubuhi na jioni anuse karafuu, ndimu, kahawa na majani ya mkaratusi, kila kimoja kwa sekunde ishirini, huku akikumbuka kilivyokuwa. Mwezi mzima alinusa hewa tupu.

Wiki iliyopita, kwenye kikopo cha kahawa, kitu kikampiga. Hakikuwa kahawa. Kilikuwa kibaya, kama mpira unaoungua. Alikirusha kikopo, akakiokota, akanusa tena, akaanza kulia. Daktari anasema harufu zilizopotoka huenda zikawa dalili kwamba pua inaanza kuamka, ingawa hawezi kuahidi.

Mpango wa Mama Mbavu ni kuendelea na zoezi hilo mwaka mzima, na kumwingiza wifi kuwa mshirika wa bucha, pua irudi isirudi.

"Wenzangu wanaomba manukato," anasema, akikifunga kikopo chake kwa uangalifu. "Mimi naomba uvundo. Siku nitakayousikia sawasawa, nitalala."