Bunduki Iliyonuka Maziwa

KIBATI, kaskazini ya Goma, 1957

Saa kumi na moja alfajiri, Kibati bado imejifunika ukungu. Laurent Munyaneza amechuchumaa nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, blanketi mabegani, bunduki magotini, macho kwenye matuta ya viazi vitamu ya mkewe. Hakohoi. Hata mate anayameza polepole.

Mara, kutoka upande wa juu wa kilima: Pa! Unafuata mlio wa chuma kikivutwa na kusukumwa. Halafu tena: Pa!

Munyaneza anakunja uso kama mtu aliyeonja shubiri.

“Mara mbili,” ananong'ona. “Nguruwe mumoja, mara mbili! Ule mutu anapiga bunduki sawa vile anapiga ngoma.”

Anayesemwa ni Rémy Harelimana, jirani yake, mwindaji mwenzake na, tuseme ukweli bila kuupaka rangi, donda la moyo wake.

Munyaneza mwenyewe hafichi. Mwandishi wa habari hizi akimuuliza kama ana wivu, kwanza anacheka, anajikuna kidevu, ndipo anajibu.

“Wivu? Niko nao. Ni Mungu aliniumba nao. Wengine aliwapa meno mazuri.”

Kazi yake ni kulinda mashamba ya watu. Huku Kibati shamba limepakana na msitu, na msitu umepakana na parki ya wanyama, ambako ukifyatua hata manati umejitafutia gereza. Nguruwe mwitu wanaujua mpaka huo vizuri. Wanakula huku, wanalala kule. Mwindaji akizubaa kidogo tu, wameshavuka, naye anabaki kuwatazama mikia.

Mwenye shamba lililookolewa humlipa mwindaji kikapu cha maharagwe wakati wa mavuno. Nyama nayo hugawanywa, na sehemu ya mwindaji huteremshwa Goma ikauzwe mtaa wa Birere. Kwa kazi hiyo Munyaneza na mkewe, Donatille, wamelea watoto wanne, wa kwanza Lucie, na kununua ng'ombe wawili, mama na ndama wake jike.

Miaka yote hiyo silaha yake ilikuwa gobore la kushindilia baruti kwa kijiti cha chuma. Lilisema neno moja tu, kisha likakaa kimya kama mkwe mbele ya mamamkwe. Lakini neno hilo moja lilitosha. Watu walikuwa na msemo wao: Munyaneza harudii.

Kisha Harelimana akapanda kutoka Goma na bunduki ya pompu. Ni ile yenye mkono wa mbao chini ya mtutu: unauvuta, unausukuma, risasi nyingine imeingia mahali pake. Nguruwe wa kwanza akianguka, wa pili hana muda wa kuuliza kuna nini.

“Siku ya kwanza kuisikia nilisema, ile ni ya wavivu,” anasimulia Munyaneza. “Siku ya pili nilisema, itavunjika. Siku ya tatu sikusema tena. Sikulala.”

Vikapu vya maharagwe vikaanza kuhama. Msimu wa mwisho alipata vitatu tu, yeye aliyezoea kupata zaidi ya kumi, na vingine alivitazama vikipita mlangoni pake vikielekea kwa jirani. Aliye juu mngoje chini, alijiambia. Akangoja. Harelimana hakushuka.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomvunja ni sauti ya mkewe.

Hapa pana desturi. Nguruwe wakiingia, mwanamke aliyewaona hupanda juu ya ukuta wa mawe, akaweka mikono mdomoni, akaliita jina la mwindaji. Kilima kizima kinasikia. Aliyeitwa ndiye mwenye kazi, ndiye mwenye kikapu, na jioni kwenye pombe ndiye anayepewa mrija wa kwanza.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nguruwe waliingia katika shamba la Munyaneza mwenyewe. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba akikausha baruti yake iliyolowa. Donatille akapanda ukutani, akavuta pumzi, akaita:

“Harelimana weee!”

Miezi imepita, lakini Munyaneza akilisimulia hilo bado anageuza uso pembeni.

“Bibi yangu! Juu ya ukuta wangu! Nguruwe wanakula viazi vyangu, na jina la mutu mwingine linatoka mu kinywa yake. Afadhali angenipiga kofi sokoni.”

Donatille, mwanamke mrefu mwenye sauti inayovuka mabonde, yuko pale pale akimenya viazi. Hana haya hata kidogo.

“Niite nani?” anauliza. “Wewe ulikuwa unakausha baruti kwa jua. Ningengoja jua?”

“Ungeita mimi, nikuje na mushale!”

“Viazi vingekwisha, Papa Lucie. Na watoto wangekula ule mushale.”

Wiki hiyo hiyo Munyaneza aliteremka Goma kwa miguu. Kibali cha bunduki alikuwa nacho tangu zamani, hivyo alikwenda moja kwa moja kwa fundi Julien wa Birere. Fundi huyo hutengeneza bunduki za watu na kuuza zile za masetla wa Kizungu wanaorudi kwao. Julien, mwenye mikono myeusi kwa mafuta, alimtandikia gunia na kuweka bunduki mbili za pompu juu yake.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ubavu wake wa chuma cheupe umechorwa bata anayeruka, mbao zake zinang'aa hadi unajiona uso. Bei yake ilikuwa ng'ombe wote wawili. Ya pili ilikuwa ya setla mmoja mkulima wa kahawa, kitako kimekwaruzwa, rangi imechubuka. Hiyo ingepatikana kwa ndama peke yake.

Munyaneza hakuuliza ipi inapiga mbali, wala ipi inadumu.

“Ya Harelimana iko sawa na gani?” aliuliza.

Julien alicheka mpaka akashika meza. “Papa, umekuja kununua bunduki, ama umekuja kumununua Harelimana?”

“Jibu tu, fundi.”

“Iko sawa na hii yenye kukwaruzwa. Zilitoka nyumba moja.”

Basi Munyaneza akaishika ile ya bata kwa mikono miwili, hataki kuiachia. Julien akamwacha aishike. Kisha akachukua risasi moja kutoka mkebe uliokaa mlangoni. Risasi hizi maganda yake ni karatasi ngumu, na katika ukungu wetu huvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Akaiingiza katika ile mpya. Ikakwama nusu njia, akaitoa kwa koleo. Akaiingiza katika ile kuukuu, akasukuma. Klak. Akavuta. Risasi ikarukia sakafuni.

“Umeona? Hii haichagui chakula,” alisema. “Na kipimo yake ni namba kumi na mbili, risasi zake kila duka la Goma ziko. Ile ya bata ni ya mutu wa kukaa mu nyumba kavu. Wewe unakaa mu mawingu.”

Akamfundisha kuchungulia ndani ya mtutu kutafuta kutu, na kuutikisa mkono wa mbao asikie kama umelegea. Vyote vilikuwa sawa. Munyaneza alirudi na ile kuukuu, lakini moyo wake ulibaki Birere na yule bata.

“Nilikuwa na bunduki nzuri mukononi, na bado niko na wivu,” anasema. “Sasa nilikuwa na wivu wa watu wawili: Harelimana, na ule atanunua ile ya bata.”

Donatille aliposikia ndama amekwenda, alichukua kibuyu akaenda kumkamua ng'ombe aliyebaki. Jioni akasema maneno machache. “Watu wanakamua maziwa mu ng'ombe. Wewe umekamua wivu.”

Hapo ndipo Munyaneza alipofanya kosa lake. Julien alikuwa amemwambia apake tone la mafuta ya cherehani, yale mepesi, si zaidi. Munyaneza aliyanusa, akaona yananuka kama taa. Katika nyumba ya wafugaji wa huku, kila chenye thamani hupakwa siagi ya ng'ombe: chombo cha maziwa, mkanda wa ngozi, bibi arusi, mtoto mchanga. Sasa kitu kilichonunuliwa kwa ndama kipakwe mafuta ya taa, kwani ni yatima? Na kama haikuwa na bata, angalau iwe na mng'aro kuliko ya jirani!

Akaipaka siagi. Nje na ndani, kwenye mkono wa mbao, kwenye kila tundu, mpaka ikameremeta kama mgongo wa samaki. Kila aliyepita barabarani aliitwa kuja kuitazama, na majivu laini ya volkano ya Nyiragongo nayo yakaja, yakaiona, yakanata.

Siku chache baadaye, alfajiri yenye baridi ya kukata masikio, nguruwe waliingia tena kwenye viazi vya Donatille. Safari hii mume alikuwa ameshasimama ukutani kabla mke hajapanda. Majirani walitoka. Bi Nyirakamana, mjane wa shamba la pili, alikuja na kiti chake kabisa. Harelimana naye alisimama upande wa juu, bunduki begani.

Munyaneza akalenga dume kubwa. Pa! Likayumba, damu begani, likageuka kumtazama aliyelipiga. Akauvuta mkono wa mbao.

Haukuja.

Akavuta kwa nguvu. Ukaja nusu, ukaganda. Siagi ilikuwa imegandishwa na baridi, na ndani yake majivu yamekuwa kama mchanga kwenye ugali. Dume likaja mbio. Munyaneza akarudi nyuma, mawe ya ukuta yakaporomoka chini ya miguu yake, akaanguka chali na bunduki yake inayometameta ikiwa kifuani kama mtoto.

“Yampayinka!” Bi Nyirakamana alipiga kelele, akiapa kwa jina la aliyempa ng'ombe. “Amekufa!”

Pa! Dume likaanguka hatua chache kutoka kwenye miguu yake. Kule juu, Harelimana alikuwa ameshavuta na kusukuma, tayari kwa risasi ya pili, lakini hapakuwa na haja.

“Nililala pale nikiangalia mawingu,” anasema Munyaneza, na hapa hacheki. “Nilijua ameniokoa. Na unajua niliwaza nini? Niliwaza, bora nguruwe.”

Desturi ya wawindaji wa kilima hiki inasema kidari cha mnyama ni cha aliyetoa damu ya kwanza, hata kama mwingine ndiye aliyemwangusha. Harelimana angeweza kujifanya amesahau; nani angemlaumu? Alikikata kidari, akakiweka juu ya jani la mgomba, akakileta mbele ya watu wote kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kwa mkubwa.

“Ni yako, Papa Laurent. Damu ya kwanza.”

Kisha akaiokota ile bunduki kutoka kwenye mawe, akaifungua, akainusa. Nyusi zikapanda.

“Sasa hii,” aliuliza, “imekunywa maziwa?”

Kilima kilicheka. Kinacheka mpaka leo. Kidari kilipikwa, Donatille akala vizuri, watoto wakalamba vidole, lakini Munyaneza aliwasukumia watoto sehemu yake.

Kesho yake mchana Harelimana alikuja peke yake, mkononi ana kichupa cha mafuta ya cherehani. Wakakaa nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya watu. Harelimana ni mtu mfupi, mpole, asiyependa kutazama watu usoni. Alifungua bunduki ya jirani yake vipande vipande na kuanza kukwangua siagi kwa kijiti.

“Yangu pia nilipaka,” alisema hatimaye.

“Ulipaka nini?”

“Siagi. Siku ile ile niliileta. Ilikwama mbele ya swala, kule chini ya barabara. Hakuna mutu aliona. Nilirudi kwa Julien usiku, niliona haya.”

Munyaneza akasimama. “Na hukuniambia? Umeniacha nianguke mbele ya bibi yangu na ya Nyirakamana na kiti chake?”

“Hukuniuliza, papa.” Harelimana aliendelea kukwangua. “Tangu nipate bunduki yangu, umenisalimia mara ngapi? Ningekuja kuanzia wapi?”

Kuuliza si ujinga, wanasema watu, lakini kumuuliza mtu unayemwonea wivu ni mlima. Munyaneza alikwenda kumletea jirani yake kibuyu cha maziwa.

Siku hizi wamegawana kilima: Harelimana juu, Munyaneza chini, na nguruwe akimponyoka mmoja anakutana na mwingine. Vikapu vinaanza kurudi. Munyaneza ana mipango. Anataka kununua ndama mwingine kabla ya mavuno yajayo, maana Donatille hajamaliza kulitaja jambo hilo. Anataka pia kujenga kibanda kando kabisa ya shamba la viazi, alale humo na viatu miguuni.

Je, wivu umekwisha?

“Haujakwisha, unikome!” anasema. “Namuombea Harelimana maisha marefu, kweli kabisa, kila Jumapili. Lakini bunduki yangu ikuje kuzika bunduki yake.”

Saa kumi na moja jioni mwandishi anaaga. Donatille ameshashuka shambani kuchimba viazi vya usiku. Chai ya Munyaneza bado inafuka. Mara majani ya upande wa msitu yanatikisika, na sauti ile inayovuka mabonde inapanda kutoka ukutani.

“Munyaneza weee!”

Ameshasimama. Kikombe kimeanguka, hakitazami. Amenyakua bunduki, ameruka kizingiti, amefika kwenye migomba, ndipo sauti inapopanda tena.

“Na Harelimana weee!”

Munyaneza anasita hatua moja. Kisha anageuka nyuma akimtafuta mwandishi kwa macho, na uso wake wote umefunguka.

“Umesikia?” anapaza sauti. “Ameita nani wa kwanza?”

Anavuta, anasukuma. Klak. Anapotelea kwenye viazi akikimbia.