Barua ya Daktari Niliyoificha Kwenye Unga

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na kama una mtoto mpakate. Nitaeleza polepole, maana ugonjwa wangu haukuwa na jina nililolijua, na huenda wako pia hauna.

Naitwa Melania. Nilizaliwa Burundi, nikavuka ziwa miaka ya vita nikiwa msichana. Katika kambi ya wakimbizi sikukaa sana. Niliolewa na Muha wa Bangwe, fundi baiskeli, tukaishi na mama yake. Nilianika dagaa mwaloni, pale ufukweni wanaposhukia wavuvi, nikapika, nikacheka na watu. Mamamkwe wangu alikuwa mtu wa utani. "Mrundi wangu," aliniambia, "huu ugali umeusonga au umeupiga?"

Ugonjwa ulianza nilipomzaa binti yangu, Neema. Siku moja, jua la utosi, hakuna upepo, maji yametulia kabisa, nilikuwa nageuza dagaa mchangani. Nikasikia naitwa mara moja tu: "Mela we!" Niligeuka. Ufukwe ulikuwa mtupu. Na jina hilo hakuna aliyelijua upande huu wa ziwa. Aliyeniita hivyo alikuwa dada yangu Spesioza, na Spesioza alikuwa amekufa.

Tangu hapo sauti ilikuja karibu kila mchana. Ikija, nilihisi miguu imelowa hadi magotini. Nilijifuta kwa kanga, kanga ikabaki kavu. Kilichonitisha zaidi ni mtoto. Sauti ikija, Neema aliacha kunyonya, akakaza macho kuelekea majini.

Nikaanza kuharisha. Nywele zikakatika, maziwa yakawa matone. "Utakonda mpaka upepo ukupeleke Kongo," alisema mamamkwe, lakini safari hiyo hakucheka.

Nilikwenda zahanati mara tatu. Daktari wetu, mzee aliyeitibu nyumba yote, alipima malaria, choo, damu. Mara ya tatu akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, unalala?"

"Kidogo."

"Umefiwa na nani?"

"Hakuna," nilisema. Nilidanganya bila hata kufikiri.

Aliandika barua, akaipiga mhuri. "Nenda Katubuka, kuna mama anayekaa na watu wenye shida kama yako. Atakusikiliza. Mimi dawa yake sina hapa."

Wewe ungekwenda. Mimi sikwenda. Miaka ile, sisi tuliotoka ng'ambo na kuishi mjini bila kibali tuliogopa karatasi yenye mhuri kuliko homa. Tuliamini kwamba jina lako likiandikwa, kesho unapakiwa kwenye lori. Niliona jina langu, mengine sikuweza kuyasoma, nikaona mhuri, nikasema moyoni: wananirudisha, na mtoto atabaki. Nikaizika barua ndani ya debe la unga wa muhogo.

Wiki hiyohiyo, mchana, niliitwa tena. Nakumbuka nikimfunga Neema mgongoni. Halafu sikumbuki kitu, mpaka niliposikia mtoto analia. Nilikuwa nimesimama ziwani, maji yako kifuani. Neema alikuwa ameinua uso, midomo yake imeguswa na maji. Mamamkwe alikuwa nyuma yangu na nguo zake zote, ameshika mbeleko kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi na mjukuu wangu?"

"Nimeitwa," nilimjibu.

Hakuniuliza na nani. Alinitoa majini, akanikausha, akamlaza mtoto kwake.

Asubuhi yake alikwenda kuchota unga. Akarudi na karatasi imejaa unga. "Ulitaka tule mhuri?" Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Barua ilisema hivi tu: mama huyu anahitaji kusikilizwa, nakuomba umpokee. Haikutaja kambi wala lori. Tulikwenda Katubuka kwa miguu asubuhi hiyohiyo.

Yule mama alitupokea barazani kwake. "Amahoro," alisema, yaani amani, kwa lugha ya kwetu, akanisogezea ungo wa maharage. "Pukuchua. Ukitaka kunyamaza, nyamaza ukiwa unapukuchua."

Nilinyamaza wiki mbili. Wiki ya tatu nikasema. Alfajiri tulipovuka, watu wenye bunduki walikuwa ufukweni. Mwenye mtumbwi alitukataza kutoa sauti. Wimbi likampiga Spesioza, akaanguka majini. Aliniita mara moja: "Mela we!" Sikuitika. Niliziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili, na mtumbwi ukaendelea.

Maharage yalimwagika. Nililia mpaka nikatapika. Yule mama aliyaokota.

Baadaye alinieleza. Neema hakusikia sauti yoyote. Alihisi moyo wangu ukienda mbio kifuani, akaangalia ninakoangalia. Na mwili uliobeba jambo hilo miaka mingi bila msiba, bila kaburi, huharisha, hukonda, husikia. "Wewe si kichaa," alisema. "Umefiwa."

Sikupona kwa siku moja. Maziwa yalirudi taratibu. Masika ilipoanza sauti ilirudi, nikakimbilia Katubuka na mvua. Mwishowe mamamkwe, Muha yule, akaita Warundi wa jirani, akapika pombe ya mtama, tukamfanyia Spesioza kuganduka, yaani kumaliza matanga kwa desturi yetu. Nilitamka jina lake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Neema alilala mapajani kwangu muda wote.

Sauti huja bado, mara moja moja. Siku hizi naitika, "Nimekusikia, dada," nikiwa nimekaa palepale.

Namshukuru Mungu, daktari aliyekubali kuwa dawa hana, na mwanamke aliyeingia majini na nguo zake.

Nawe, daktari akikuandikia barua ya kwenda kwa mtu mwingine, usiondoke hapo kwanza. Mwambie akusomee yote kwa sauti, muulize unakwenda kwa nani na atakufanyia nini. Kisha mchukue mtu mmoja wa nyumbani, mwende siku hiyohiyo.