Chupa ya Amarone Siku ya Posa

Nilimchukia yule kijana kabla hajavua viatu. Alisimama mlangoni pa nyumba yangu ya kupanga kule Hyattsville, Maryland, suti imemkaa vizuri, akaniamkia, "Shikamoo, shangazi." Sisi wa Nakuru hatuna mazoea ya shikamoo. Mtu akinipa shikamoo namwona ananizeesha. Nikamjibu, "Karibu," basi.

Alikuwa Mtanzania wa Dodoma, anauza mvinyo katika duka moja mjini Sterling, na alikuja na wajumbe wake kumposa binti wa marehemu kaka yangu. Mtoto huyo nimemlea mimi tangu ana miaka tisa. Nimeogesha wazee wa watu zamu mbili kwa siku ili asome. Sasa amekuwa nesi, ameanza kunipokea mzigo, halafu huyu anakuja na tabasamu lake! Sikutaka aolewe. Si na huyu, si na mwingine. Kila aliyeniuliza nilimwambia bado mdogo, na mtoto ana miaka ishirini na sita.

Desturi yetu ni hii. Wageni huleta kinywaji, na binti huulizwa mbele ya wote: tunywe au tusinywe? Akikubali humimina, huonja yeye kwanza, kisha humkabidhi mzazi wake. Mzazi akinywa, neno limekwisha. Binti akikataa, wageni wanachukua makoti yao. Nyumbani ingekuwa pombe ya kienyeji, lakini Maryland utaitoa wapi, na isitoshe sisi tumeokoka, kwa hivyo hutumia juisi ya zabibu. Nilimwambia kijana hivyo kwa simu mara mbili. Wazee nao tulikuwa hatuna. Mzee wa upande wetu siku hiyo alikuwa jirani wa chini, dereva wa basi, tuliyemwomba atukalie tu kwa sababu ana mvi.

Kijana akatoa chupa nyeusi, nzito. "Hii inaitwa Amarone, ya Italia," akasema. "Niliona juisi ni kama kuwadharau wazee." Halafu akaanza kutufundisha! Eti zabibu zikishavunwa hutandazwa darini miezi mitatu, minne, mpaka zisinyae, ndipo zikamuliwe. Kwao Dodoma babu yake alilima zabibu, lakini uvumilivu kama huo hajauona.

"Unakausha tunda, kisha unatafuta maji ndani yake," nikasema. "Akili gani hiyo?"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, jambo lililoniudhi zaidi.

Binti akaulizwa. Akasema tunywe, bila kusita, akamimina. Maskini, pombe hajawahi kuigusa, na aliposikia zabibu kavu nadhani alitegemea utamu wa zile tunazotia kwenye keki. Akapiga funda kubwa. Uso ukamkunjamana, akakohoa, akatema yote kwenye kitambaa changu cheupe cha meza.

Kwetu hata kukunja uso tu ni jambo la kujadiliwa. Sembuse kutema!

Nilijua kabisa kwamba ni ukali wa kile kinywaji. Nilimwona mtoto akitafuta maji kwa macho. Lakini nafasi ilikuwa imenijia yenyewe, nikaidaka. "Mmejionea wenyewe," nikasema. "Ametema. Chukueni makoti."

"Shangazi, ni kali tu," binti akasema huku anakohoa.

"Mdomo unasema hivyo, lakini moyo umekataa. Tusimlazimishe mtoto."

Kijana akainuka nusu. "Kosa ni langu, shangazi. Mvinyo huu ni mzito, ningemtahadharisha. Nisameheni."

"Ungemtahadharisha? Ungesikia ulichoambiwa wewe! Nilisema juisi. Mtu asiyesikia leo atasikia lini, akishaoa? Nenda ukawauzie watu wako wa Sterling!" Nilikuwa naona raha, sitaficha. Mmoja wa wajumbe wake akawa tayari ameshika koti.

Binti akachukua chupa. Hakuna aliyemtuma. Akajaza glasi ile ile mpaka juu, akanywa polepole, ananitazama mimi tu. Machozi yalimtoka kwa ule ukali, lakini uso hakuukunja hata kidogo. Alipofika nusu akaishika glasi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaanza kuja.

Nikanyoosha mikono. Ningefanya nini? Mzazi wake ni mimi, na watu wanatazama. Nilishajua nimeshindwa, na nilikuwa tayari kuinywa.

Akanipita. Gauni lake likagusa magoti yangu, akaenda kupiga goti mbele ya yule dereva wa basi, mtu ambaye hata jina lake hakulijua vizuri.

"Baba," akamwambia, "pokea."

Mzee wa watu akanitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akaipokea, akainywa yote.