Kiuno cha Suruali ya Fundi

Fundi alijua kusitiri watu. Kitambi cha bwana harusi, mimba changa ya bibi harusi, vyote alivificha kwa mkasi na uzi, kisha akafunga mdomo. Enzi hizo cherehani yake ya kukanyaga ilinguruma tangu asubuhi, na mkewe, akiwa jikoni, alijua kwa mlio tu kama siku ni njema. Raha iliyoje!

Kisha moyo ukachoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuibia, cherehani ikafunikwa shuka. Ndipo akajiunga na majaribio ya dawa mpya hospitalini: peptidi, kijipande mfano wa protini kilichotengenezwa maabara, anachodungwa tumboni chini ya ngozi. Wengine hudungwa dawa, wengine maji ya chumvi, na hata muuguzi hajui nani kapata nini. Fundi alijua. Yeye kapata dawa, basi! Si wiki za mwanzo alikanyaga cherehani mpaka akamaliza gauni zima? Mkewe alilia jikoni kwa furaha.

Kwa hiyo mwili ulipoanza kujaa maji tena, hakutaka kusikia. Alifumua mshono wa kiuno cha suruali, akauachia kidogo. Baadaye akauachia tena.

"Uzito umepanda, mzee wangu," muuguzi alimwambia. "Suruali haikubani?"

"Hata kidogo. Mama watoto ananilisha vizuri."

Wala hakusema uongo, mjanja yule.

Aliyemuumbua ni mkewe, siku ya kufua. Aligeuza suruali ndani nje, akaona alama za mishono ya zamani, mmoja baada ya mwingine. Hakugomba. Aliikunja, akaenda kuitandaza mezani kwa muuguzi.

Daktari akamtoa Fundi kwenye majaribio, akamwongezea dawa ya kupunguza maji mwilini. Fundi alinuna.

"Umeninyima dawa, mke wangu. Ningeshona tena."

"Ungeshonewa sanda. Na mimi ningebaki nasikiliza nini jikoni?"



Uvimbe ulipopungua, suruali ikawa inamvuka. Mkewe aliondoa shuka kwenye cherehani, akakaa yeye, akaweka miguu kwenye kikanyagio kama alivyofundishwa enzi za uchumba.

"Wewe shika kitambaa," alisema.

Fundi akavuta kiti karibu, akaweka kiuno cha suruali chini ya sindano, kwenye alama ya mshono wa kwanza kabisa.

"Polepole," alimwambia. "Siku zote unakwenda mbio."