Miaka Kumi ya Lazarus Kukaa Form Four

Karani wa sensa alimkuta Lazarus akipimia watu makaa pale Silanga, akamuuliza amesoma hadi wapi. Lazarus aliachia shule Form Two, lakini wateja walikuwa wametega masikio. Akakohoa, akasema, "Form Four." Karani akaandika.

Uongo ule ulimtokea puani. Majirani wakaanza kumletea watoto awafundishe hesabu, na yeye, msomi wa mdomo, kila siku akisingizia macho. Mwishowe aibu ikamsukuma gumbaru, kusoma na watu wazima wenzake. Mtihani wa Form Four aliufanya mwaka mmoja na bintiye Adhis, aliyemsihi wakikutana asimsalimie. Adhis akapata B. Babake akapata D, akaitia fremu.

Miaka kumi ikapita, sensa ikarudi. Lazarus alimngoja karani mlangoni, shati limepigwa pasi, fremu kifuani.

"Umesoma hadi wapi, mzee?"

"Form Four!" akanguruma.

Karani akaandika, akaenda zake bila hata kuitazama fremu. Ndipo Lazarus akapiga hesabu, ya kwanza maishani kuipata bila kusaidiwa: kwa vitabu vya serikali, miaka kumi yote ile hakuwa amesonga hata hatua moja.