Nilivyowasingizia Wakulima wa Ngonga

Mimi ni mtafiti wa maji, na mwezi uliopita nilijiaibisha mbele ya kijiji kizima huko Ngonga.

Nilikuwa nimepima maji ya mto unaopita kwenye mashamba ya mpunga kuelekea Ziwa Nyasa. Kila chupa ilionyesha fosfeti, kemikali inayopatikana kwenye mbolea, kwa kiwango cha kutisha. Badala ya kurudia vipimo, mimi msomi nikaitisha mkutano. Nikawaambia wakulima kwamba mbolea yao inaua samaki wa ziwa. Baba mmoja akauliza kwa unyonge kama aache kulima. Nikamjibu kwamba huenda ikabidi.

Ndipo mama mwenye nyumba niliyopanga akanyoosha mkono.

“Samahani, mwanangu. Hiyo fosfeti haiwezi kutoka kwenye sabuni?”

“Inaweza, mama. Hasa sabuni ya unga,” nikasema, nikifurahi kwamba somo limeeleweka.

“Basi ni mimi. Siku ile kabla hujaenda mtoni nilizikuta chupa zako zina vumbi, nikakuoshea zote.”

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamgeukia yule baba, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anisindikize mtoni nikachote maji upya.